DARUBINI NA MZEGA: NAMNA YA KUISAWAZISHA STENDI YA IKWETA

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami leo naongeza kwamba hata mtaka cha mbinguni hana budi kuinama, na si yeye peke yake: hata chuma kinachoibeba darubini yake sharti kiiname. Usidhani nafanya mzaha. Soma makala haya hadi mwisho nawe utakubaliana nami.

Wengi wetu tumeiona ile darubini iliyomo stoo ya maabara. Ina bomba jeupe, miguu mitatu ya chuma, na vile vyuma vizito vya mviringo ambavyo mtu akiviona hufikiri ni vya kunyanyulia uzani. Uvumi ulioenea mabwenini ni kwamba darubini hiyo imeharibika. "Ukikaza inagoma, ukilegeza inaanguka," ndivyo wanavyosema. Basi ikarudishwa kwenye sanduku lake, vumbi likaifunika, na mwaka baada ya mwaka wanafunzi wanahitimu bila kuviona vishimo vya mwezi.

Jamani, darubini ile ni nzima! Hakuna gia iliyovunjika wala lenzi iliyopasuka. Shida ni mbili tu. Ya kwanza, haijasawazishwa. Ya pili, kijitabu chake kiliandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, nacho kinamwambia msomaji aielekeze stendi kwenye Nyota ya Kaskazini. Hapa kwetu nyota hiyo haituonyeshi njia. Kazi ya makala haya ni kukieleza kile ambacho kijitabu kile hakikutuambia sisi tunaokaa juu ya mstari wa ikweta.

KWA NINI IKAITWA STENDI YA IKWETA?

Dunia inajizungusha mara moja kwa muda wa saa 23 na dakika 56. Sisi tuliomo juu yake hatuhisi mzunguko huo. Tunachoona ni nyota zikichomoza mashariki na kutua magharibi. Kila saa mbingu yote husogea nyuzi 15, yaani uzi mmoja kwa kila dakika 4. Mwezi una upana wa nusu ya uzi. Kwa hiyo, kila dakika 2 mbingu husogea kwa kiasi cha upana wa mwezi.

Kwa macho matupu hilo si jambo. Lakini ukitumia lenzi inayokuza mara 100, kile kiduara unachokitazama huwa na upana wa karibu nusu uzi tu. Zohali na pete zake inaingia upande huu, na baada ya dakika 2 imetoka upande wa pili. Ukimwita mwenzako aje aone, akifika anakuta giza. "Mbona sioni kitu?" Hapo ndipo ugomvi huanza.

Stendi ya kawaida ina miondoko miwili: juu na chini, kulia na kushoto. Ili kuifuata nyota inakubidi ucheze na miondoko yote miwili kwa wakati mmoja. Stendi ya ikweta imeondoa taabu hiyo. Mhimili wake mmoja umelazwa sambamba na mhimili wa dunia. Dunia ikizunguka kwenda mashariki, wewe unauzungusha mhimili huo kwenda magharibi kwa mwendo ule ule, na nyota inatulia pale pale kama picha ukutani. Unazungusha kifundo kimoja tu.

Ufundi huu si wa jana. Mjerumani Joseph von Fraunhofer alitengeneza darubini yenye lenzi ya upana wa sentimita 24, ikapelekwa Dorpat mwaka wa 1824, mji ambao leo unaitwa Tartu katika nchi ya Estonia. Stendi yake ilikuwa na mihimili miwili, mawe ya mizani, na mtambo kama wa saa wa kuizungusha. Umbo la stendi yetu ya stoo ni lile lile la Fraunhofer, ila dogo.

VIUNGO VYAKE

Kabla hatujaigusa, tuvijue viungo vyake, maana asiyejua maana haambiwi maana.

(a) Miguu mitatu. Hii inarefushwa na kufupishwa kwa skrubu.

(b) Mhimili wa ncha. Huu ndio ulio sambamba na mhimili wa dunia. Unaelekea ncha ya mbingu, na ndio unaoifuata nyota. Pembeni mwake kuna kipimo cha latitudo chenye nyuzi.

(c) Mhimili wa pili. Umekaa juu ya ule wa kwanza kama herufi T, na kazi yake ni kuipeleka darubini kaskazini au kusini.

(d) Fimbo ya chuma. Inatokea upande mmoja wa mhimili wa pili. Juu yake ndipo yanapopita yale mawe ya mizani. Nayaita mawe ingawa ni chuma, kama wauzaji wa sokoni wanavyoyaita mawe yao ya kupimia.

(e) Pete mbili za kulishikia bomba la darubini.

(f) Vikazio viwili, kimoja kwa kila mhimili. Ukivikaza mhimili unashikwa. Ukivilegeza unazunguka huru.

(g) Vifundo vya mwendo wa polepole. Hivi husogeza darubini kidogo kidogo baada ya vikazio kukazwa.

KUIWEKA NA KUIELEKEZA

Sasa tufike pale kijitabu kilipotupoteza. Pembe ya mhimili wa ncha kutoka ardhini ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. Kule Tartu ni nyuzi 58, kwa hiyo mhimili umesimama kama mzinga uliolengwa juu. London ni nyuzi 51 na nusu. Kwetu je? Nanyuki na Maseno ziko juu ya ikweta, yaani sufuri. Nairobi ni uzi 1 na sehemu tatu kwa kumi kusini. Mombasa ni nyuzi 4 kusini. Lodwar ni nyuzi 3 kaskazini. Hakuna mahali nchini Kenya panapozidi nyuzi 6, uende kaskazini au kusini.

Maana yake ni nini? Mhimili wa ncha hapa Kenya unalala chini karibu kabisa, kama mkuki uliolazwa mezani. Hapo ndipo chuma kinapoinama, kama nilivyokuambia mwanzoni. Na Nyota ya Kaskazini? Ukiwa Nairobi iko chini ya upeo wa macho. Ukiwa Lodwar iko juu kidogo tu, ndani ya vumbi na ukungu wa mbali. Upande wa kusini nao hauna nyota angavu karibu na ncha. Basi tusiitafute nyota. Tutumie vifaa vya fundi mwashi: pimamaji, timazi na kamba.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kaskazini na kusini. Dira inafaa, kwa sababu katika nchi yetu tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli ni ndogo. Lakini isomee mbali na stendi. Chuma cha miguu na yale mawe huivuta sindano ikakudanganya mchana kweupe.

Njia bora kuliko dira ni ya kivuli, na haigharimu hata senti. Asubuhi simamisha kijiti cha mita moja mahali tambarare uwanjani, ukihakikisha kwa timazi kwamba kimesimama wima. Tia alama mahali ncha ya kivuli inapofika. Funga kamba chini ya kijiti, ipime hadi kwenye alama hiyo, kisha chora tao ardhini. Kivuli kitaendelea kufupika hadi adhuhuri, halafu kitarefuka tena upande wa pili. Alasiri ncha yake itakapoligusa tena lile tao, tia alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo mbili unakwenda mashariki na magharibi. Tafuta katikati yake, vuta mstari hadi kwenye kijiti, na huo ndio mstari wako wa kaskazini na kusini. Upakeni chokaa. Mkishauchora mara moja, mtautumia muhula mzima.

Hatua ya pili ni kuisimamisha miguu. Shule iliyo kusini mwa ikweta ielekeze mhimili kusini. Iliyo kaskazini, ielekeze kaskazini. Kwa kuwa mhimili umelala, darubini na mawe yake vinaning'inia mbele, nje ya kitovu cha stendi. Kwa hiyo, mguu mmoja uwe mbele, chini ya ule upande mhimili unakoelekea. Ukiuweka nyuma, stendi nzima inaweza kupiga mwereka. Halafu izungushe fimbo ya mawe kwa mkono uone kama inaugonga mguu huo. Ikiugonga, utajua mapema ni pande zipi za mbingu usizoweza kuzifikia.

Hatua ya tatu ni kuinamisha mhimili. Legeza bolti moja ya latitudo huku ukikaza nyingine, hadi kipimo kisome latitudo yako. Hapa kuna mtego. Stendi nyingi zinazouzwa ziliundwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, na zikifika nyuzi 15 au 20 zinakwama. Usilazimishe bolti, utaikata. Fupisha mguu wa mbele au uinue ile miwili ya nyuma kwa matofali, mpaka pimamaji iliyowekwa juu ya mhimili ionyeshe kwamba umelala. Kisha ning'iniza mfuko wa mawe ya kawaida katika miguu ya nyuma ili stendi isipinduke.

Usijali sana ukikosea kwa uzi mmoja. Kosa la uzi mmoja huisogeza nyota pembeni kwa robo ya uzi kwa saa nzima, au chini ya hapo. Linganisha na nyuzi 15 kwa saa za darubini isiyofuatishwa kabisa! Kwa kutazama kwa macho, hiyo inatosha na kubaki.

KUSAWAZISHA, HATUA KWA HATUA

Umewahi kumwona mtu aliyebeba mzega? Mti uko begani, debe moja la maji liko mbele na jingine nyuma. Madebe yakiwa sawa, anatembea mkono mmoja mfukoni. Akipunguza maji ya debe moja, mti unainama na bega linateguka. Stendi ya ikweta ni mzega mtupu. Bega ni mhimili wa ncha, debe la kwanza ni darubini, debe la pili ni mawe ya mizani.

Fanya kazi hii mchana au kabla giza halijaingia, mkiwa wawili.

1. Kaza vikazio vyote viwili. Penyeza jiwe la mizani kwenye fimbo KABLA ya kuweka darubini, ulikaze, halafu uirudishe ile skrubu ndogo ya mwisho wa fimbo. Wengi huidharau skrubu hiyo. Kazi yake ni kulizuia jiwe lisichomoke na kukudondokea mguuni, na jiwe la kilo 5 halibishi hodi.

2. Weka darubini ndani ya pete zake na uzifunge. Weka kila kitu utakachokitumia usiku: lenzi ya jicho, na ile darubini ndogo ya kulengea. Ondoa kifuniko cha mbele. Ukisawazisha bila vitu hivi, utakuwa umesawazisha darubini nyingine, si hii.

3. Ilaze fimbo ya mawe iwe sambamba na ardhi, na darubini nayo ilale ikitazama upande ule ule wa mhimili wa ncha. Huku kwetu mhimili umelala, kwa hiyo mkao huu mmoja unakutosha kwa mizani zote mbili. Hiyo ni nafuu ambayo mtu wa London hana.

4. Mwambie mwenzako ashike fimbo, nawe ushike bomba. Legeza kikazio cha mhimili wa ncha polepole. Msiachie ghafla! Sikilizeni kwa mikono ni upande gani unaozama. Darubini ikizama, sogeza jiwe mbali na mhimili. Jiwe likizama, lisogeze karibu. Rudieni hadi mkiachia pole pole kisizame chochote. Kaza kikazio.

5. Sasa shika bomba kwa mikono miwili na ulegeze kikazio cha mhimili wa pili. Mbele ikizama, kaza tena, legeza pete kidogo, sukuma bomba nyuma sentimita moja au mbili. Nyuma ikizama, lisukume mbele. Pete zikiwa zimelegea, mwenzako asiliachie bomba hata kidogo.

6. Jaribu mara ya mwisho. Legeza vikazio vyote viwili, peleka darubini mashariki, magharibi na juu utosini. Ikibaki popote unapoiacha, umefuzu. Ikiwa bomba lako ni la kioo na lenzi ya jicho imetokeza ubavuni, huenda ikazama kidogo ikitazama utosini. Lizungushe bomba ndani ya pete hadi uzito wa ubavuni upungue.

Wakati wa kufungasha, mambo yanageuzwa: darubini hutoka kwanza, mawe mwisho. Ukiondoa mawe kwanza, bomba litageuka kwa kishindo na kuigonga miguu ya stendi, na hapo ndipo lenzi huvunjika kweli.

HESABU YA MZEGA

Wale wapenda fizikia wataitambua kanuni ya momenti: uzito mara umbali upande huu lazima ulingane na uzito mara umbali upande ule. Tuseme darubini na pete zake ni kilo 4, na katikati ya uzito wake ni sentimita 20 kutoka kwenye mhimili wa ncha. Nne mara ishirini ni 80. Jiwe la kilo 5 litakaa wapi? Themanini gawanya kwa tano ni sentimita 16. Uzito wa fimbo yenyewe nimeuacha, kwa hiyo jiwe litasogea ndani kidogo.

Ukibadilisha lenzi ya jicho ukaweka iliyozidi gramu 300, je? Tuseme lenzi hiyo iko sentimita 50 nyuma ya mhimili wa pili. Kilo 0.3 mara 50 ni 15. Jumla ya uzito sasa ni kilo 4.3. Kumi na tano gawanya kwa 4.3 ni kama sentimita 3 na nusu. Basi bomba lote lisukumwe mbele kwa kiasi hicho. Unaona? Lenzi ndogo ya kutoshea kiganjani inaweza kuivuruga darubini nzima, kwa sababu imekaa mbali na mhimili. Ni kama mtoto mdogo aliyekaa mwisho wa bembea ya ubao.

Na kama una mawe mawili, ni afadhali kuyatumia yote karibu na mhimili kuliko moja mbali mwishoni. Jiwe lililo mbali huifanya stendi itikisike kwa muda mrefu kila unapoigusa.

"SI UKAZE TU?"

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Sasa si ukaze tu vile vikazio, mambo yaishe?" Swali zuri, na kuuliza si ujinga. Ukikaza, darubini kweli haianguki. Lakini ule uzito usio sawa haukwenda popote. Umehamia kwenye meno ya gia. Kila unapozungusha kifundo unaupandisha mlima huo. Upande mmoja kifundo kinakuwa kigumu, upande wa pili darubini inaruka na kuiacha nyota. Gia zinalika. Kama stendi ina mota, mota inakoroma na betri inakwisha haraka.

Na sisi watu wa ikweta tunaumizwa zaidi. Kadiri mhimili unavyosimama, ndivyo sehemu kubwa ya uzito inavyobebwa na mhimili wenyewe. Kadiri unavyolala, ndivyo uzito unavyouvuta kuuzungusha. Kipimo chake ni kosaini ya latitudo. London, kwenye nyuzi 51 na nusu, kosaini ni 0.62. Nairobi ni 1 kasoro nukta tu. Kwa hiyo, kosa lile lile la jiwe, ambalo London lingevuta kwa nguvu 62, hapa linavuta kwa nguvu 100. Mtu wa Ulaya akizembea kusawazisha anaweza kusamehewa. Sisi hatusamehewi. Nadhani hii ndiyo sababu hasa darubini ya stoo ikaitwa mbovu.

Kwa wenye mota kuna mambo mawili ya kuongeza. Mhimili ukielekea kusini, mota nayo igeuzwe izunguke kinyume cha ile ya wanaoelekea kaskazini. Tafuta swichi yake. Pili, mafundi hupenda kuacha upande wa mashariki uwe mzito kidogo, kidogo tu, ili meno ya gia yabaki yamegusana na yasichezecheze.

USIKU WENYEWE

Usiku ukifika, anza na kitu kikubwa. Mwezi ukiwa nusu ni bora kuliko ukiwa mpevu, kwa maana vivuli vya mlimani na vishimoni vinaonekana. Tumia kwanza lenzi inayokuza kidogo. Legeza vikazio, lenga kwa ile darubini ndogo, kaza, kisha fuata kwa kifundo cha mhimili wa ncha peke yake. Nyota ikipotea juu au chini badala ya kutulia, usogeze mhimili kidogo kushoto au kulia, utazame tena. Ikizidi kupotea, umekosea upande. Rudi upande wa pili.

Ukitazama mashariki, darubini ikae upande wa magharibi wa stendi na mawe yawe upande wa mashariki. Nyota ikishapita utosini, ngoja kwanza! Ukiendelea kuifuata, nyuma ya bomba itaigonga miguu ya stendi. Geuza darubini: legeza vikazio, ipeleke upande wa mashariki, ulenge upya. Kwetu nyota nyingi hupita karibu na utosi, kwa hiyo zoea kazi hii.

Badala ya taabu hizi tumepewa zawadi. Kwa kuwa ncha zote mbili za mbingu ziko kwenye upeo wa macho yetu, hakuna kundi kubwa la nyota tunalonyimwa kwa mwaka mzima. Mtu wa Tartu hajawahi kuuona Msalaba wa Kusini akiwa kwao. Sisi tunauona, na Dubu Mkubwa wa kaskazini tunamwona pia. Tunaiona Mushtarii na miezi yake minne, ile ile aliyoiona Galileo mwezi wa Januari 1610. Tunaiona Zohali na pete zake. Tunakiona Kilimia, ambacho mababu zetu walikitumia kujua majira ya kulima, na ambacho kwenye darubini hugeuka kutoka nyota sita au saba kuwa makumi.

Wala elimu ya anga si ya kigeni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970 satalaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu, satalaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili lilipaa angani kabla wengi wa walimu wetu hawajazaliwa!

TAHADHARI

Usiielekeze darubini kwenye jua, hata kwa nukta moja, bila kichujio maalumu cha jua kilichofungwa mbele ya bomba. Jicho litaungua kabla hujahisi maumivu, na halitapona. Mchana unaposawazisha, elekeza bomba mbali na jua, na ile darubini ndogo iwe na kifuniko chake.

Usifute lenzi kwa shati la sare. Vumbi la uwanjani ni mchanga, na mchanga hukwaruza.

Umande ukiingia, funika. Kabla ya kuirudisha stoo, iache ikauke, usije ukaifungia kutu ndani ya sanduku.

TAMATI

Ndugu msomaji, sikukuandikia haya ili ujaze kichwa siku ya mtihani. Nimeandika kwa sababu chombo kizima kimelala gizani kikisingiziwa ugonjwa, na dawa yake ni pimamaji, kamba na subira. Tukipata ruhusa ya mwalimu wa zamu na usiku mmoja usio na mawingu, na miezi ya Januari na Februari huwa nao wengi, watu wanne wanaweza kuitoa, kuilaza, kuisawazisha na kuwapangia wenzao foleni. Kila mmoja atatazama bila haraka, maana Zohali itakuwa imetulia palepale ikimsubiri.

Mwenye swali asione haya; atukute katika mkutano wa chama. Na mwenye spana ya kutosha zile bolti za latitudo, aje nayo. Mtaka cha mbinguni sharti ainame. Kwaheri ya kuonana.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili